Skrubu ya Rangi ya Shaba

Doa la kutu lilikuwa kubwa kama kisahani pale ukutani, na ukumbi mzima hapakuwa na aliyeliona isipokuwa Kheir.

Picha ya mtambo ilikuwa imetandazwa juu ya ukuta mweupe wa ukumbi wa chuo, kule Tunguu, kila kitu kimekuzwa mara arobaini: koili mbili za waya, kibanio katikati yake, ukanda wa plastiki uliopindika kama ukucha, na nyuma ya ukanda ile skrubu ya rangi ya shaba inayousukuma ili upindike. Mbele ya picha alisimama mkewe, Dokta Lamya Salem, mtandio wake wa kijani umemkaa vizuri mabegani, sauti yake haina haraka.

"Juu ya ukanda huu pana utando wa nikeli," alikuwa akisema. "Unene wake ni nanomita ishirini. Chukua unywele wako mmoja, uupasue kwa urefu mara elfu nne. Kile kipande kimoja kinachobaki ndio unene wa utando wetu. Tukiupinda ukanda, utando unavutika. Na ukivutika, usumaku wake unabadilika tabia. Unakuwa mwepesi kugeuzwa. Hatukuutia moto, hatukuupitishia umeme. Tumeuvuta tu."

Akaeleza kwamba siku za mbele kompyuta zitaweza kuweka kumbukumbu zake kwa njia hiyo, kwa kuvuta na kulegeza, bila ya kula umeme mwingi. Na watu wakacheka, maana asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika mara mbili. Kando ya picha palikuwa na mchoro. Nukta kumi na mbili zilishuka kutoka kushoto kwenda kulia, zimenyooka kama uzi wa mwashi. Kila skrubu ilipokazwa nusu mzunguko, nguvu ya kuugeuza usumaku ilipungua kwa kiasi kilekile.

Makofi yakaanza. Kheir naye akapiga. Lakini macho yake yalikuwa yameshauacha mchoro, yamerudi kwenye picha, yamekwama kwenye kichwa cha skrubu, penye doa la rangi ya matofali.

Shaba haishiki kutu. Shaba ikichoka huota ukijani. Kinachoshika kutu ni chuma, hata kikipakwa rangi ya shaba, na chuma huvuta sumaku kwake. Ukikiweka nyuma ya utando, nguvu ya koili hukimbilia hapo, na kadiri skrubu inavyosogea mbele ndivyo utando unavyopata nguvu nyingi kuliko ile inayosomwa kwenye kipimo. Utaonekana mwepesi kugeuka hata kama hukuuvuta kabisa.

Skrubu ile aliifunga yeye. Ya mwanzo, ya shaba ya kweli, ilikuwa imekufa meno. Akaenda duka moja la vyuma Darajani, muuzaji akamwagia lundo juu ya meza, naye akachagua kwa rangi. Wiki sita zilikuwa zimepita. Vipimo vyote vizuri, vile vilivyonyooka, vilitoka katika wiki hizo sita.

"Namalizia kwa shukrani," Lamya alisema. Akawataja wakuu wa chuo, akamtaja profesa wake wa Japani aliyewaletea tando kwa posta. "Na Mwalimu Kheir, kwa msaada wa mitambo."

Makofi tena. Kheir aliendelea kupiga hata wengine walipoacha, na ndani ya kifua chake kitu kilichokuwa kimebanwa muda mrefu kikajinyoosha kwa raha, kama paka.

*

Msaada wa mitambo. Mtambo ule aliuunda yeye kwa mikono yake, miaka kumi na mbili iliyopita, kabla hakujakuwa na Dokta Lamya wala mhadhara. Kheir ni mtu wa Tumbatu, mtoto wa Jongowe, aliyesoma kwa kibatari mpaka akafika Dar es Salaam na kurudi na shahada ya pili ya fizikia. Koili zile alizisokota mwenyewe, mizunguko mia nane kila moja, akihesabu kwa sauti ili asipotee. Leza aliiomba kwa barua. Alipoupiga utando wa kwanza kwa mwanga ule mwekundu, na mwanga ukarudi umepinduka kidogo, kadiri ya kuonesha usumaku umeelekea wapi, alikuwa peke yake chumbani na hakuwa na wa kumwonesha.

Mwaka uliofuata aliajiriwa mwalimu msaidizi, msichana wa Mjini, ukoo wa Kiarabu wa Kiponda, mwepesi wa hesabu, mzito wa mikono. Kheir alimfundisha kusafisha lenzi, kulenga leza, kusubiri. Alimfundisha kuwa namba usiyoitegemea ndiyo ya kuiandika kwanza. Wakaoana. Wakapata mtoto, Maisara. Kisha wote wawili wakaomba nafasi ya masomo Japani, fomu mbili ndani ya bahasha moja, na jibu likaja la mtu mmoja.

Miaka minne Lamya alikaa huko. Kheir alibaki katika nyumba ya wakwe zake, akamlea mtoto, akajifunza kusuka nywele kwa jirani. Watu wa mtaani walimsifu sana kwa kusuka. Hakuna aliyemsifu kwa leza.

Wivu wa mume kwa mke watu wanaujua na wana maneno yake tayari; kuna mwanamme mwengine ndani yake, kuna simu, kuna harufu ya uturi usioujua. Kheir hakuwa na wivu wa namna hiyo. Katika miaka ile minne hakuwahi hata usiku mmoja kumdhania mkewe vibaya. Yeye alimwonea wivu Lamya mwenyewe. Aliuonea wivu ule utulivu wake mbele ya watu, jinsi alivyosema "sijui" bila ya kupungukiwa kitu, wakati yeye neno hilo lilimkwama kooni tangu skuli. Alionea wivu hata makosa yake, maana yaliandikwa vitabuni na kujibiwa na watu wa mbali. Wazee wa barazani walipomwona akipita walimuuliza, "Dokta hajambo?" naye akajibu hajambo, na kila "hajambo" moja ilimtoka kama jino.

Kinachouma zaidi, alimpenda. Angekuwa hampendi, mambo yangekuwa mepesi.

*

Jumamosi asubuhi alimwambia mkewe anakwenda kutengeneza pampu ya chuo, akaenda maabara peke yake. Akachukua kipande kidogo cha sumaku kutoka kwenye mtoto wa meza, akakisogeza kwenye kichwa cha skrubu. Kikaruka kutoka vidoleni mwake, kikaganda. *Tak.*

Hilo lingetosha. Lakini Kheir alikuwa mwanasayansi, na alitaka kujua kwa kiasi gani. Akautoa ukanda wa plastiki, akakata kipande cha utando mwengine uliobandikwa juu ya kioo kigumu kisichopindika, akakifunga mahali pake, akaacha upenyo ili skrubu isogee bila ya kugusa. Hapa hapakuwa na kuvutwa kokote. Akakaza nusu mzunguko, akapima. Nusu nyengine, akapima. Namba zikashuka, moja baada ya moja, zimenyooka kama wanafunzi kwenye mstari.

Akapiga hesabu pembeni mwa gazeti. Katika kila sehemu tatu za ugunduzi wa Lamya, mbili zilikuwa za skrubu. Moja tu ndiyo ya kweli.

Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Alikirudisha hata kitambaa cha vumbi mahali pake. Akafunga mlango. Njia nzima ya kurudi Mjini, mvua ya masika ikipiga kioo cha gari, alijiambia kuwa atamwambia leo. Na kila alipojiambia hivyo aliliona lile doa ukutani, kubwa, yeye peke yake analitazama katikati ya watu sitini, na akaona tabu kuliachia. Kwa mara ya kwanza tangu Lamya arudi, palikuwa na jambo la fizikia analolijua yeye na asilolijua mkewe. Alitaka kukaa nalo japo siku mbili. Kama mtu aliyepewa tunda peke yake, hana haraka ya kulimenya.

Siku mbili zikawa nne. Jumatano wakala chakula cha mchana chini kwa Bi Fatma, mama yake Lamya, ambaye alikuwa na mgeni kutoka Muskati.

"Shikamoo mama," Kheir alisema mlangoni.

"Marahaba mwanangu, karibu, ingia." Bi Fatma akamgeukia mgeni. "Huyu ndiye mume wa Dokta. Mwanangu atakwenda Italia mwezi wa sita, kuhutubia. Wamemwita wenyewe! Mambo ya sumaku. Mie hata sifahamu, lakini Kheir anafahamu, humsaidia saidia."

"Mashaallah," alisema mgeni.

"Humsaidia saidia," Kheir akarudia, akitabasamu, akipakua wali. Akamtazama mkewe upande wa pili wa sinia. Lamya alikuwa ameinamisha uso kwa haya, akimtolea Maisara miba ya samaki. Kheir akawaza: *n'na uwezo wa kuyafuta yote haya kwa neno moja.* Wazo hilo lilikuwa tamu kuliko chakula. Akala vizuri siku ile. Akaongeza wali.

*

Ijumaa, baada ya sala, Lamya alipanda kwenye roshani ya juu ambako Kheir alikuwa akirekebisha feni. Mkononi alikuwa na karatasi kumi na moja zilizobanwa pamoja.

"Baba Maisara, nsomee hii kabla sijaipeleka kwa profesa."

"Si nshaisikia yote ukumbini?"

"Kuisikia na kuisoma si kumoja." Akakaa juu ya mkeka, akavua viatu. Hakuondoka. Kheir akafuta mikono mafuta, akaanza kusoma. Alisoma polepole, akapita ukurasa wa mtambo, akapita ukurasa wa mchoro. Jina lake lilikuwa mwisho, katika shukrani.

"Nnaogopa," Lamya alisema ghafla.

"Unaogopa nini?"

"Umenyooka mno. Ule mstari." Alikuwa akitazama chini uchochoroni, ambako mtu alikuwa akipitisha baiskeli ndani ya maji. "Tulipoanza, na ile skrubu mbovu, namba zilikuwa ndogo na zinarukaruka. Nkasema ni kwa sababu haivuti sawasawa. Kisha ukatia mpya, mambo yakatulia. Lakini vitu vya kweli havitulii namna hii. Wewe ndiye uliyenifunza hivyo."

Kheir akarudi kwenye ukurasa wa mchoro.

"Mimi sina jicho la mitambo, unajua. N'na jicho la namba. Nambie kweli, huoni kitu?"

Jua lilikuwa limetoka kidogo baada ya mvua, na kuta zilizoloa zilianza kutoa harufu ya chokaa. Neno lilikuwa pale mdomoni, fupi, la silabi chache. Angelisema, ingekuwa hadithi ya kuchekesha ya chakula cha jioni: mume kauziwa chuma akidhani shaba. Lakini Lamya alikuwa amekwishafika mlangoni mwa jambo lenyewe kwa akili yake tu, kwa kuutazama mstari, bila ya kuona doa lolote. Na hilo ndilo lililomchoma Kheir. Yeye alihitaji ukuta mzima wa picha ili aone. Lamya alikuwa akinusa.

"Sioni kitu," alisema.

"Hakika?"

"Mtambo uko sawa, Lamya. Wewe tu umezoea shida."

Lamya akashusha pumzi ndefu, akacheka, akamshika mguu kwa mkono wake wenye hina iliyoanza kufifia. "Basi. Ukishasema wewe, mimi nshalala." Akazichukua karatasi zake akashuka. Kheir akabaki na bisibisi mkononi mbele ya feni iliyofunguliwa, na kwa dakika nyingi hakukumbuka kipi kinafungwa wapi.

Tangu siku ile utamu ukaisha. Siri ile haikuwa tena jambo alilolijua. Ilikuwa jambo alilolitenda. Alianza kusali safu ya nyuma kabisa msikitini, karibu na viatu. Alikosa subira na Maisara kwa sababu ya kitana kilichopotea. Na bado, asubuhi, wakiwa garini kuelekea Tunguu, Lamya akieleza namna atakavyoifungua hotuba yake ya Italia, wivu ulimpanda upya, ule ule, mbichi, kana kwamba haukushiba bado.

*

Jumanne ya wiki ya pili yake, profesa alipiga simu ya video kutoka Japani. Lamya aliipokea maabara, kompyuta juu ya meza ya kazi, mlango wazi kwa ajili ya joto. Kheir alikuwa akija na birika la chai. Aliposikia sauti akasimama koridoni, nyuma ya mlango.

Walizungumza Kiingereza. Sauti ya profesa ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, laini, isiyopoteza neno. Alisema makala ni nzuri. Alisema anayo shaka moja. Watu wengine walioivuta nikeli kiasi hicho wamepata badiliko dogo zaidi, kama theluthi ya hili. "Je, umeukagua mtambo wenyewe?" aliuliza. "Pengine kosa limo humo. Ni mtambo wa kutengeneza mkono, sivyo?"

"Ndiyo, wa kutengeneza mkono," Lamya alijibu.

"Basi hapo ndipo ningeanza."

Kheir aliona mgongo wa mkewe ukinyooka kwenye kiti.

"Profesa, mimi ndiye niliyefanya hesabu, na hesabu zangu nakubali zikaguliwe zote, moja moja. Huenda nimekosea. Lakini mtambo ameutengeneza mume wangu. Yeye ndiye aliyenifunza kazi hii kabla sijakuja kwako. Nimemuuliza, akaniambia uko sawa. Mimi naijua mikono yake. Akiniambia uko sawa, uko sawa, tutafute kwengine."

Birika la chai lilikuwa la moto, na Kheir alikuwa amelikamata kwa mikono miwili pale penye bati. Hakuuhisi moto wake. Miaka yote alitaka Lamya amtaje hivi mbele ya watu wakubwa. Alilitunga neno hilo mara ngapi kichwani, akilala, akiendesha gari, akisuka nywele za mtoto! Sasa limesemwa, kwa sauti ya kawaida, bila ya kujua kuwa anasikia, na limesemwa juu ya uwongo wake.

Angeweza kurudi nyuma. Korido ilikuwa tupu na viatu vyake havikuwa na sauti.

Akaingia. Akaliweka birika mezani, akafungua mtoto wa meza, akatoa kile kipande cha sumaku, akakisogeza kwenye mtambo. *Tak.*

Lamya akakitazama kikining'inia pale kwenye kichwa cha skrubu. Akanyoosha kidole akakigusa, kama asiyeamini. Uso wake haukubadilika mara moja, kwanza ulihesabu. Kheir aliziona hesabu zikipita machoni mwake, moja baada ya nyengine, mpaka mwisho wake.

"Profesa," alisema, bila ya kugeuka, "skrubu ni ya chuma."

Kisha yule mama akacheka taratibu, kicheko kisicho ubaya, akasema kila aliyewahi kupima sumaku ana skrubu yake, hata yeye, na ya kwake ilimla mwaka mzima. Akasema wapime upya. Akamwambia Lamya amsalimie mumewe, amempatia jibu kabla ya wakaguzi wa jarida. Simu ikakatika.

Lamya akamgeukia. Macho yake yalikuwa yameanza kung'ara kwa namna ya kicheko. "Umeiona sasa hivi?"

Njia ilikuwa wazi, pana, imefagiliwa. Angejibu *naam*, angekuwa ndiye aliyemwokoa. Hadithi ingekwenda mpaka kwa Bi Fatma, mpaka Muskati.

"La," Kheir alisema. "Siku ya mhadhara. Kwenye picha. Iliingia kutu."

"Siku ya mhadhara." Alilitamka kama anayesoma namba iliyoandikwa vibaya. "Ni siku kumi na tisa hizo."

"Kumi na tisa."

"Mie nkakuuliza, juu pale. Nkakuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

"Ukanambia nimezoea shida."

Nje, mtu alikuwa akikokota kiti juu ya sakafu ya saruji.

"Kwa nini?" Lamya aliuliza. Hakupaza sauti. Aliuliza kwa haja ya kujua, vilevile alivyouliza swali lolote.

"Nlitaka liwepo jambo moja," alisema Kheir, akaanza tena. "Nlitaka liwepo jambo moja n'nalolijua mimi, na wewe hulijui."

Lamya akaifunga kompyuta. "Yapo mengi," alisema. "Yalikuwepo mengi, Kheir. Hukuwa na haja ya kunificha ili yawe yako." Akachukua mkoba wake na funguo za gari. Kheir alibaki mpaka alasiri, akapata lifti ya mwalimu mwenzake, na njia nzima alijitia kusinzia ili asisemeshwe.

*

Alitegemea nyumba nzima iwe imeshajua. Alipopita chini, Bi Fatma alikuwa na huzuni, lakini alimkaribisha kama kawaida. "Pole mwanangu. Lamya kanambia kakosea vipimo, huenda Italia asende. Kasema kosa lake mwenyewe. Mtulize, kajifungia chumbani."

Kheir akapanda ngazi moja moja. Maneno yale, *kosa lake mwenyewe*, yalimwelemea kuliko matusi. Mlangoni hakubisha. Alikaa nje, juu ya kizingiti, mgongo umeegemea mbao, na ndani alisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Mkewe hakuwa akilia. Alikuwa akifanya hesabu upya.

Kesho yake Lamya alikwenda mwenyewe kwa fundi Ayoub, anayechonga njumu za shaba na makomeo ya milango uchochoroni nyuma ya soko, akamwagiza skrubu ya shaba tupu, akasimama pale mpaka ikaisha. Kabla ya kuipokea aliijaribu kwa sumaku.

"Dokta huniamini?" fundi aliuliza, nusu anacheka.

"Sikuhukumu wewe," Lamya alimjibu. "Nshakuwa hivi tu." Kheir aliyasikia hayo baadaye kwa fundi mwenyewe, aliyeyasimulia kama mzaha.

Siku tano hakumsemesha ila kwa mambo ya mtoto. Siku ya sita, Jumatatu, alimwambia: "Nnahitaji mtu wa kusoma kipimo. Peke yangu siwezi, mkono mmoja uko kwenye skrubu." Hakusema njoo. Kheir akaja.

Walishusha mapazia kwa ajili ya leza, na chumba kikawa cha rangi ya majivu saa nne ya asubuhi. Lamya alikaa upande wa kibanio, daftari pembeni. Kheir upande wa kipimo, hatua tatu mbali naye, nyuma ya koili. Ndivyo walivyokaa miaka yote. Yeye akisoma, Lamya huandika, bila ya kunyanyua uso. Walikuwa na mwendo wao, kama wanaotwanga katika kinu kimoja.

"Sifuri," alisema Lamya, maana yake skrubu haijagusa.

"Mia moja na arobaini na mbili, nukta tatu."

Kalamu haikusikika. Lamya akanyanyuka kwenye kiti chake, akapita nyuma ya koili, akainama mbele ya kipimo, bega lake karibu kabisa na bega la Kheir. Akasoma mwenyewe. Mia moja na arobaini na mbili, nukta tatu. Akarudi, akakaa, akaandika.

"Nusu mzunguko."

"Mia moja na arobaini na moja, nukta tano."

Akanyanyuka tena.

Hakufanya kwa hasira. Hakumtazama hata mara moja kwa jicho la kumuumiza. Alifanya kama mtu anayefunga mlango wa nyumba kwa sababu milango ndivyo inavyofungwa. Alikwenda na kurudi, nusu mzunguko baada ya nusu mzunguko, na kanga yake ikapita karibu na magoti ya Kheir kila mara na harufu yake ya udi. Badiliko lilikuwepo. Dogo, theluthi, limepindapinda, halikunyooka hata kidogo; lakini lilikuwepo, na lilikuwa la utando wenyewe. Wakati mwengine wangelipigia kelele za furaha.

Kheir alisoma namba zake kwa sauti moja. Alimkumbuka mtu aliyekuwa akikaa kwenye kiti hiki mwezi uliopita, mtu aliyetaja namba na ikaandikwa papo hapo, bila ya kutazamwa. Ambaye angeweza kusema mia tisa na ingeandikwa mia tisa. Mtu huyo hakuijua bahati yake, alikuwa akihesabu bahati za wengine. Kheir alimwonea wivu.

"Nusu mzunguko," Lamya alisema. Hiyo ilikuwa ya kumi.

"Mia moja na thelathini na nane," Kheir alisoma. Akaitazama tena kwa uangalifu, akasubiri tarakimu ya mwisho itulie. "Nukta moja."

Alisubiri kiti kilie. Kiti hakikulia. Upande wa pili wa koili, katika kiza kile chepesi, Lamya alikuwa bado amekaa, kichwa kimeinama juu ya daftari, kalamu ameishika juu ya karatasi. Hakunyanyuka. Hakuandika.

"Nukta moja," Kheir alirudia, taratibu, akasubiri kusikia kalamu.